Msitu wa Kwa Mfaume

Kwenye ramani za chuo msitu ule uliandikwa Eneo la Hifadhi na Mafunzo, lakini mtaani hakuna aliyeuita hivyo. Ukishuka Mbezi Luis ukamwambia bodaboda akupeleke Eneo la Hifadhi, angekukodolea macho. Ukimwambia Kwa Mfaume, angewasha pikipiki kabla hujamaliza kusema. Wageni walidhani Mfaume ni mwenye shamba wa zamani, au shehe fulani aliyezikwa huko na karama zake. Wengine walisema ni jini. Ilisemwa kwamba anayekata kuni Kwa Mfaume huvimba mkono, na anayechoma mkaa huko hapati usingizi nyumbani kwake.

Mfaume hakuwa shehe wala jini. Alikuwa mtoto wa miaka saba aliyekufa kwa surua, zamani, chuo hakijaja, wakati uwanda wote wa juu ulikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho ya Wazaramo. Alizikwa nyuma ya nyumba ya wazazi wake, kama walivyozikwa wengi siku zile. Baadaye chuo kikapewa ardhi, watu wakalipwa fidia wakahama, nyumba zikabomolewa. Kichaka kikarudi, na msitu ukapanda taratibu kutoka bondeni mpaka ukalifunika lile kaburi. Baba wa mtoto alihamia Mkuranga akaoa huko. Mama yake, Bi Raudha, hakwenda mbali. Alinunua kiwanja kidogo kilichopakana na uzio wa chuo, akajenga vyumba viwili na baraza, akakaa hapo akisuka mikeka.

Dokta Herieth alikabidhiwa msitu huo akiwa bado mwalimu mgeni wa mimea, kwa kuwa waliomtangulia kazini hawakuutaka. Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Ilikuwa kugombana na wakata kuni, kufyeka njia za wanafunzi kabla ya muhula, kung'oa magugu ya kigeni yaliyotoroka kwenye bustani za watu, na kuwabembeleza wakubwa wasiruhusu taka kumwagwa humo. Aliipenda. Kwao Usangi, milimani Upare, alikulia ukingoni mwa msitu wa ukoo ambao hakuna aliyeuingia ovyo, na likizo moja ya sekondari alirudi akakuta umekatwa wote, umepandwa mahindi. Tangu hapo hakuweza kupita mahali penye miti mikubwa bila kuihofia.

Alikutana na Bi Raudha muhula wake wa kwanza. Alikuwa na wanafunzi uwandani, wamefunga kamba kwenye miti ili wahesabu miche ndani ya mraba, waliposikia mtu anafagia. Wakamkuta mwanamke amechuchumaa, kanga kiunoni, anaondoa majani juu ya kichuguu kirefu kilichozungushiwa makombe ya baharini. Wilfred, mlinzi wa msitu, alitaka kumtoa. Herieth akamzuia, akamwamkia yule mama shikamoo, akamuuliza anafanya nini.

"Namfagilia mwanangu," Bi Raudha alisema, na hakuacha kufagia.

Basi ikawa hivyo. Kila Ijumaa Bi Raudha aliingia kupitia pengo la uzio, na Herieth akamwagiza Wilfred asilizibe. Wanafunzi walifundishwa kupita mbali kidogo na hapo na kushusha sauti. Na kwa kuwa njia ya kutokea msituni ilipita mbele ya baraza ya Bi Raudha, Herieth akazoea kupumzika pale baada ya somo, viatu vimejaa matope, akipewa maji ya kunywa na habari zote za mtaa. Bi Raudha alikuwa mcheshi, mwenye ulimi mkali. Habari za jini Mfaume alizisikia kama watu wengine, na alizicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini hakuzikanusha hata siku moja. Alisema waache waogope, mwanawe apate kulala.

Petro, mume wa Herieth, alipofariki, Bi Raudha alifika msibani kabla ya nusu ya ukoo. Alibeba mikeka yake mipya akaitandika uani wakakalia wafiwa, kisha akaingia jikoni na hakutoka mpaka matanga yalipoisha. Yeye Muislamu, na msiba ule wa Walutheri, nyimbo za tenzi usiku kucha, lakini alikaa. Toka hapo aliacha kumwita mwalimu. Akamwita mwanangu.

Miaka ikapita, na mji ukawazunguka. Stendi kubwa ya mabasi ilipojengwa Mbezi, viwanja vilivyokuwa pori vikawa fremu za maduka na nyumba za kupanga. Chuo nacho kikajaa. Wanafunzi wengi walipanga vyumba uswahilini, na wasichana walivamiwa njiani wakitoka maktaba. Mmoja wao, Bupe, binti wa mwaka wa pili aliyekuwa hodari kuliko wote katika darasa la Herieth, alikabwa na kukatwa panga mkononi akigombania simu. Herieth ndiye aliyemfunga jeraha lile kwa kitambaa chake akamkimbiza hospitali. Kwa hiyo chuo kilipotangaza kwamba mabweni yatajengwa ndani ya uzio, hata yeye hakuwa na neno la kupinga. Nafasi pekee iliyobaki ndani ya uzio ilikuwa msitu.

Profesa Elinaza, aliyesimamia mipango ya chuo, alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alimwandalia chai, akamweleza kwamba amepigania msitu usichukuliwe wote, na kwamba kamati imekubali kuchukua nusu. Nusu ipi, hilo wamemwachia yeye.

"Bondeni au uwandani," alisema. "Mwenye msitu ni wewe. Chagua, nami nitakutetea."

Jumamosi Herieth aliutembea msitu peke yake. Bondeni kulikuwa na kijito, mivule miwili mikubwa ambayo watu watano hawakuweza kuikumbatia, mikongo, kima, na hondohondo waliokuja kutaga kila mwaka kwenye tundu lile lile. Kulikuwa na mti mdogo wa maua meupe ambao alikuwa ameuchunguza kwa miaka, hata jina la Kiswahili ulikuwa haujapata, na hakuujua popote pengine. Uwandani kulikuwa na vichaka, miti michanga, mikorosho iliyozeeka na kugeuka pori, na kaburi. Kwa mwalimu wa mimea haukuwa uchaguzi. Angemwuliza mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza, angemjibu bila kufikiri. Alikaa kwenye gogo mpaka jua likampiga kisogoni, kisha akaenda nyumbani bila kupitia barazani.

Jumatatu aliiambia kamati ichukue uwanda. Akasema pia kwamba lipo kaburi moja. Profesa Elinaza aliuliza kama ndugu wapo. Herieth akajibu kwamba mama wa marehemu yupo, jirani kabisa. Basi, akaambiwa, litahamishwa kwa taratibu za serikali, na itapendeza zaidi habari zimfikie kwa mtu anayemfahamu. Herieth akakubali kwamba yeye ndiye atakayesema.

Hakusema. Alikwenda siku ya kwanza akamkuta Bi Raudha ana homa, akaona si ungwana kumwongezea. Siku nyingine alikuta wageni kutoka Kimbiji, kwa kaka yake Bi Raudha. Siku nyingine walikuwa wawili tu, hali shwari, na Bi Raudha alikuwa akimsimulia kisa cha jirani aliyemfumania mumewe na bajaji iliyoandikwa jina la mwanamke mwingine, anacheka hata anashindwa kusuka. Herieth akacheka naye, na neno likarudi chini. Ukaja mfungo. Mara mbili tatu kwa wiki alialikwa futari, akala tambi na mihogo ya nazi kwenye mkeka wa Bi Raudha, na kila alipofumbua kinywa alijiambia si mwezi huu mtukufu, ngoja Idi ipite. Alijua kuwa anajidanganya. Mtu huweza kujua na bado akaendelea.

Idi ilipita, na wapima ardhi wakaja Herieth hajasema neno.

Alikuwa darasani Ijumaa ile Wilfred alipochungulia mlangoni akamwita kwa mkono. Wilfred hakuwa na kawaida ya kuja darasani. Wakashuka pamoja. Uwandani walikuta njia mpya imefyekwa nyeupe katikati ya kichaka, na bikoni za zege za mpaka zimechomekwa moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa upande wa kichwani wa kaburi, imeyasukuma makombe pembeni. Bi Raudha alikuwa ameketi chini, mkono ameuweka juu ya bikoni ile kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Ufagio ulikuwa pajani.

Herieth akamwamkia. Bi Raudha akaitika marahaba, kisha akauliza kitu kile ni nini.

"Ni bikoni, mama."

"Ya nani?"

"Ya chuo. Wanajenga mabweni."

"Vijana wale walinambia. Nikawaambia wamekosea, mwalimu mwenyewe wa msitu namjua, lingekuwapo jambo angenambia." Akauondoa mkono juu ya bikoni. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

Herieth alitamani kusema jana. Akasema, "Toka kabla ya mfungo."

Bi Raudha alimtazama, na uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka kitu. "Umekula futari yangu mwezi mzima," alisema polepole, "na neno hili limo kinywani mwako."

Akainuka, akakung'uta kanga, akatoka kwa pengo lake. Herieth akamfuata hatua chache, halafu akasimama. Wilfred aliinama akayarudisha makombe mahali pake, ingawa hapakuwa tena na haja.

Taratibu za serikali zikachukua mkondo wake. Bi Raudha hakukataa wala hakupiga kelele. Aliyezungumza kwa niaba yake alikuwa kaka yake, mzee Pazi, aliyetoka Kimbiji na kanzu yake ya kahawia na kusema maneno machache tu: mtoto atazikwa upya Kimbiji, kwenye makaburi ya wajomba zake, kwa sababu huku mjini ardhi haina adabu, leo ya huyu kesho ya yule. Chuo kikaahidi gari.

Siku yenyewe walikuja asubuhi, bwana afya, imamu wa msikiti wa mtaa, wachimbaji na majirani wachache. Turubai likazungushwa. Bi Raudha aliketi nje ya turubai kwenye mkeka wake mwenyewe, na Herieth akasimama nyuma yake, asijue kama anaruhusiwa kukaa. Hakuitwa, hakufukuzwa. Jembe lilikuwa likisikika, kisha likaacha kusikika, wakawa wanachimba kwa mikono. Mchanga wa pale ni mwekundu na mkali, hautunzi kitu. Mbao za mwanandani zilikuwa zimekwisha kabisa. Imamu alipotoka alikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa, na ndani yake udongo mweusi kuliko udongo mwingine, vipande vichache vya mfupa, na meno.

Mzee Pazi alitaka kitambaa kifungwe haraka. Bi Raudha akaomba aone. Imamu akasitasita, kisha akapiga goti akamfunulia.

Aliyatazama meno yale kwa muda bila kuyagusa. "Haya makubwa ya chini ndiyo kwanza yalikuwa yameota," alisema, kama anamweleza imamu kitu cha kawaida. "Ya juu yalikuwa yameng'oka. Alikuwa akicheka, anaziba mdomo kwa mkono."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti. Herieth alikaa chini kwenye mkeka, akamshika bega, na bega lile lilikaa chini ya kiganja chake bila kumwegemea.

Safari ya Kimbiji iliwachukua nusu ya siku kwa foleni za mjini na mashimo ya baada ya Kigamboni. Bi Raudha alikaa kiti cha nyuma, kifurushi mapajani, mikono miwili juu yake kila gari liliporuka. Mzee Pazi alikaa mbele na dereva, akielekeza njia. Njiani Herieth alijikuta akihesabu miti kwa mazoea: mikorosho, minazi, mwembe, tena mikorosho, akajiona mpumbavu akaacha.

Walipofika, wanaume walikuwa tayari wamekusanyika barazani. Mzee Pazi akafungua mlango wa nyuma akanyoosha mikono, na Bi Raudha akamkabidhi kifurushi. Desturi ya kwao wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko; hubaki nyumbani. Miaka karibu arobaini alikuwa akienda mwenyewe, peke yake, kwa mguu, kupitia pengo la uzio, bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa alisimama mlangoni akaangalia migongo ya wanaume ikiondoka na mwanawe, mpaka wakakata kona kwenye minazi.

Wanawake walikuwa ndani wakisoma Kurani. Bi Raudha hakuingia. Alikaa kibarazani, na Herieth akakaa karibu yake. Mwisho Herieth alimwambia kwamba alifikiri anauokoa msitu, kwamba bondeni kulikuwa na vitu ambavyo vikiondoka havirudi, na kwamba hakupata ujasiri wa kusema kwa kuwa alimpenda. Alisema yote kwa mkupuo, na yalipotoka aliyasikia jinsi yalivyo membamba.

Bi Raudha alisikiliza mpaka mwisho. "Ungenambia tu, mwalimu," alisema. "Ningelia, nikakutukana, halafu tungekuja huku pamoja. Mie si mtoto. Najua wasichana wale wanakabwa, hata huyo wa panga nilimwona." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Mtoto wangu ulimweka kwenye mizani na miti, sawa, ndiyo kazi yako uliyosomea. Lakini mie nawe ulitupima na nini?"

Herieth aliona kwamba ameitwa mwalimu.

Bi Raudha hakurudi Mbezi isipokuwa kuchukua vyombo. Nyumba yake akaipangisha kwa fundi wa simu, akahamia kwa kaka yake. Greda likaingia uwandani, likafanya kwa siku mbili kazi ambayo Herieth alidhani ingechukua mwezi.

Kilichofuata hakukitazamia, na pengine mtu mwingine angekitazamia. Mtaa mzima ulikuwa umeona kaburi likifukuliwa. Waliona wachimbaji hawakuvimba mikono, na dereva wa greda analala fofofo kivulini baada ya chakula cha mchana. Vijana wa kijiweni wakaanza mzaha kwamba Mfaume kahama, mwenyewe yuko zake Kigamboni anapunga upepo. Mzaha ukageuka ruhusa. Kwanza walikuja kina mama na mapanga, kutafuta kuni kavu. Kisha wakaja wanaume na mashoka. Kisha ukaonekana moshi wa tanuri la mkaa bondeni, mahali ambapo katika miaka yote ya Herieth pale hakukuwahi kuonekana moshi.

Wilfred aliwafukuza upande mmoja wakaingia upande mwingine. Chuo kilimwongezea mlinzi mmoja, kisha kikamhamishia mlinzi huyo kwenye eneo la ujenzi, maana nondo zilikuwa zikiibwa. Jioni moja Wilfred alikaa kwenye ngazi za maabara akavua kofia, jasho linamtiririka, akamwambia Herieth asimlaumu.

"Dokta, mie nilikuwaga nalinda na yule dogo," alisema. "Watu walikuwa hawaniogopi mie. Sasa nimebaki peke yangu."

Herieth alikwenda serikali ya mtaa, akaenda misikitini na makanisani akaomba nafasi ya kuzungumza baada ya ibada, akaweka mabango. Watu walimsikiliza kwa heshima. Wengine walimwuliza, kwa heshima hiyo hiyo, iwapo chuo chenyewe kimekata nusu kwa greda, wao wakikata gogo moja la kupikia wamekosa nini. Alikuwa na majibu ya kitaalamu, na aliyatoa, na aliona machoni mwao kwamba hayajawafika.

Mivule iliangushwa wakati wa likizo fupi, masika yakinyesha, wanafunzi hawapo na Wilfred amelazwa na malaria. Msumeno wa mashine ulifanya kazi ndani ya mvua na hakuna aliyeusikia, au aliyeusikia alidhani ni wa ujenzi. Herieth alipofika alikuta visiki viwili vyeupe, vipana kama meza za karamu, na vumbi la mbao limegeuka uji kwenye maji. Kijito kilikuwa kimejaa matawi. Hondohondo walikuwa juu ya mkongo wa jirani wakipiga kelele yao. Alishuka kwenye kile kijiti cha maua meupe. Tanuri lilijengwa juu yake hasa. Alichakura majivu na udongo uliooka kwa mikono mpaka kucha zikamtoka damu, akapata mizizi miwili iliyoungua. Aliifunga kwenye leso yake, kisha akaona haina maana, akaiacha.

Mabweni yalifunguliwa mwaka uliofuata. Yalikuwa mazuri, ghorofa nne, yamepakwa rangi ya maziwa. Bupe alipewa chumba ghorofa ya pili. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Akimwona Herieth anapita alimpungia kwa mkono wenye kovu, na nyuma yake kwenye kamba za baraza nguo za wasichana zilipepea za kila rangi. Tangu wahamie hakuna msichana aliyekabwa tena. Herieth alimpungia na yeye. Alijaribu kuyachukia majengo yale, akashindwa, na kushindwa huko hakukumpa nafuu. Somo la msituni lilibaki, ila sasa aliwafundisha vijana namna kisiki kinavyochipua, namna nyasi zinavyotangulia na vichaka vikafuata, na kwamba bonde lile likiachwa kwa amani wajukuu wao wanaweza kuuona mvule. Hakuwaeleza kama anaamini litaachwa.

Alimpigia Bi Raudha simu mara kwa mara. Bi Raudha alipokea, akamwuliza habari za kazi na za binti yake aliyeko Dodoma, akamshukuru kwa kumkumbuka. Hakuuliza habari za msitu, wala Herieth hakumwambia. Mwisho alishindwa kuvumilia. Jumapili moja baada ya kanisa alipanda gari akaenda Kimbiji.

Alipokewa vizuri, vizuri mno. Alitolewa kiti, cha plastiki, kipya, na Bi Raudha mwenyewe akakaa mkekani. Alipikiwa samaki wa nazi na kuwekewa sahani yake peke yake, na kila alipotaka kushika kitu aliambiwa akae, yeye mgeni. Bi Raudha alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, la pili likianza. Mkeka aliokuwa akiusuka ulikuwa na makosa ambayo zamani angeyafumua. Walizungumza bei za vitu na mvua. Walipomaliza kula, Herieth alimweleza kwamba bonde limekatwa, mivule na yote. Hakujua kwa nini anasema. Labda alitaka akaripiwe.

Bi Raudha alitikisa kichwa. "Pole, mwalimu," alisema. "Uliupenda." Na alisema kwa moyo, jambo lililomuumiza Herieth kuliko kama angemcheka.

Herieth akamwomba wakamzuru Mfaume pamoja. Bi Raudha alifikiri kidogo, akachukua mtandio. Walitembea njia ya mchanga mpaka kwenye uzio wa miti ya makaburi, na hapo Bi Raudha akasimama barabarani. Alieleza kwamba yeye huwa anaishia hapo, ndugu zake hawapendi wanawake waingie, na yeye ni mtu wa kukaa kwa watu sasa. Huja Ijumaa, hutoa salamu kutoka pale, hurudi.

"Nilielekezwa kwa kidole," alisema. "Ni kaburi la tatu kutoka kwenye mkorosho. Mwanzo nilikuwa naliona. Sasa macho haya hayanipi kitu. Hebu nitazamie. Wamepalilia?"

Herieth alitazama. Makaburi yalikuwa mengi, mengine yamejengewa, mengine vichuguu tu vilivyozama kwenye majani. Mikorosho ilikuwa mitatu. Kutoka kwa kila mmoja alihesabu, na kila hesabu ilimpeleka mahali pengine, na popote ilipompeleka majani yalikuwa yamefika magotini. Bi Raudha alikuwa amesimama kando yake, uso ameuelekeza siko, akingoja.

"Wamepalilia, mama," alisema. "Ni safi."

"Na makombe? Nilimpa Pazi ayapange."

"Yapo. Yamezunguka yote."

Bi Raudha akashusha pumzi, akainua viganja akasoma dua yake fupi, akajipangusa uso. Kisha akasema jua ni kali na mwalimu ana safari ndefu mbele yake, afadhali warudi. Akageuka. Njia ilikuwa na mizizi iliyojitokeza mchangani, na kwa kuwa hakuiona vizuri alijikwaa. Herieth akamshika mkono, na safari hii Bi Raudha aliuacha mkono wake kiganjani mwa Herieth mpaka walipofika nyumbani.